Simu ya Papo Hapo, Taarifa ya Wiki au Muhtasari wa Mwezi: Njia Ipi kwa Ugonjwa Upi?

Mtoa huduma aliye kwenye zahanati au kituo cha afya nchini Tanzania ana njia nne za kufikisha taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza kwa wanaopaswa kuchukua hatua. Anaweza kumpigia simu papo hapo mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri. Anaweza kutuma hesabu ya wiki. Anaweza kuuacha ugonjwa uingie kwenye muhtasari wa mwezi unaotokana na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya zinazojazwa kituoni. Na anaweza kuripoti tukio, yaani jambo ambalo bado halina jina la ugonjwa lakini linatia shaka. Njia zote nne hubebwa na mtu yuleyule, mara nyingi muuguzi mmoja mwenye foleni mlangoni na mama anayejifungua chumba cha pili, kwa hiyo si ajabu zikachanganywa, au ile rahisi ikatumika mahali palipohitaji ile ngumu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya mganga mfawidhi wake, na msimamo wake ni kwamba kinachoamua njia si uhakika alio nao mtu juu ya ugonjwa, bali ni kile kitakachoharibika iwapo taarifa itachelewa.

Njia hizi zimo ndani ya mfumo mmoja. Mwaka 1998 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubali kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa, kwa sababu hadi wakati huo kila mpango, uwe wa polio, wa surua au wa malaria, ulikuwa na fomu zake, safari zake na tarehe zake, huku zahanati ikijaza karatasi nyingi zenye maswali yaleyale. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutekeleza uamuzi huo. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaufanya utoaji wa taarifa za magonjwa ya kuambukiza kuwa wajibu, na wajibu huo hauishii kwenye vituo vya serikali; zahanati binafsi na hospitali za mashirika ya dini zimo humo pia.

Simu ya papo hapo

Njia hii ni ya magonjwa ambayo mgonjwa mmoja tu anatosha kuiamsha wilaya nzima. Kipindupindu, tauni, homa ya manjano, homa za virusi zinazosababisha kutoka damu kama vile Ebola na Marburg, surua, pepopunda ya watoto wachanga, kimeta, kichaa cha mbwa kwa binadamu, na kupooza ghafla kwa mtoto aliye chini ya miaka 15 (huenda ni polio): kwa haya taarifa inatakiwa ifike wilayani ndani ya saa 24, na kwa kweli saa moja ni bora kuliko saa 24. Orodha kamili hubadilika toleo hadi toleo la mwongozo, kwa hiyo iliyobandikwa ukutani na halmashauri ndiyo ya kufuata, mradi si ile iliyofifia tangu kabla ya janga la Uviko.

Faida ya simu ni kwamba inamfikia mtu anayeweza kuamua. Mratibu wa halmashauri humjulisha mganga mkuu wa wilaya, wilaya humjulisha mganga mkuu wa mkoa, na mkoa hupeleka wizarani. Kuanzia hapo saa za kimataifa huanza kuhesabiwa, kwa kuwa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi ikadirie uzito wa tukio ndani ya saa 48 tangu ilipopata habari, na likionekana kuwa na uzito wa kimataifa, iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya tathmini hiyo. Lengo linalotumiwa siku hizi kupima wepesi wa nchi, la 7-1-7, linadai mlipuko ugunduliwe ndani ya siku 7, utolewe taarifa ndani ya siku 1, na hatua za awali zikamilike ndani ya siku 7. Katika mnyororo huo wote, kipande kilicho mikononi mwa zahanati mara nyingi ndicho kirefu zaidi, nacho ni muda kati ya mgonjwa kuingia na mtu kunyanyua simu.

Mkoa wa Kagera umeonyesha jambo hilo mara mbili. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa tarehe 21 Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba ulikuwa na wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Ule uliotangazwa tarehe 20 Januari 2025 wilayani Biharamulo ulikuwa na wagonjwa 10, na wote walifariki. Wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara, na wanane wamebaki kwenye hesabu kama wagonjwa wa kudhaniwa, kwa kuwa walikufa kabla ya mlipuko kuthibitishwa. Milipuko yote miwili ilizimwa kwa muda mfupi baada ya kutangazwa, wa kwanza ukifungwa tarehe 2 Juni 2023 na wa pili tarehe 13 Machi 2025. Tofauti kati ya vifo 6 na vifo 10 haitokani na simu peke yake, na itakuwa si haki kuwabebesha wahudumu wa Biharamulo mzigo huo, maana homa ya Marburg ya siku za mwanzo haitofautiki kwa macho na malaria kali. Hata hivyo, idadi ya wagonjwa waliokufa bila sampuli ni kipimo cha muda uliopita kabla mtu yeyote hajasema kwa sauti kwamba hapa kuna jambo.

Anayepiga simu awe na mambo haya mbele yake, yameandikwa: umri na jinsia ya mgonjwa, kijiji na kitongoji anakotoka, siku dalili zilipoanza (si siku alipofika kituoni, kosa linalojirudia mno), dalili zenyewe, hali ya chanjo, safari alizofanya wiki tatu zilizopita, mikusanyiko au mazishi aliyohudhuria, watu waliomhudumia, kama yu hai au amefariki, na kama sampuli imechukuliwa. Jina lake liingie kwenye fomu ya mgonjwa mmojammoja inayofuata baada ya simu. Halina haja ya kutajwa kwa sauti katika chumba chenye watu.

Gharama ya njia hii ni kengele za uongo. Mratibu anayepokea simu tano za surua ambazo zote ni tetekuwanga ataanza kuchoka, na kituo kilichopiga kitaona haya kupiga ya sita. Tiba ya tatizo hili ni fasili ya mgonjwa, yaani orodha ya dalili zinazomfanya mtu ahesabiwe: surua inayohisiwa ni homa, vipele vilivyoenea mwilini visivyo na maji, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu. Vipele vyenye maji havimo humo. Mhudumu anayeisoma fasili hii kabla ya kupiga simu atapunguza makosa, na makosa yatakayobaki ni ya kuvumiliwa, kwa sababu mfumo usiopokea hata kengele moja ya uongo unapitwa na wagonjwa wa kweli.

Taarifa ya wiki

Wiki ya ufuatiliaji huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na hesabu hutumwa Jumatatu inayofuata. Kituo hutuma idadi ya wagonjwa na vifo kwa kila ugonjwa, kwa simu ya kawaida au kwa kompyuta, na takwimu hukusanyika kwenye mfumo ambao halmashauri, mkoa na wizara huusoma kwa wakati mmoja. Magonjwa yaliyokwisha kutolewa taarifa kwa simu huhesabiwa tena hapa. Wengi hudhani kwamba simu ya Jumatano inaifuta taarifa ya Jumatatu, na matokeo yake ni wilaya kuwa na mgonjwa aliyemo kwenye daftari la mratibu lakini haonekani popote kwenye mfumo.

Nguvu ya taarifa ya wiki ni mwelekeo. Malaria haiwezi kupigiwa simu kila mgonjwa, wala homa ya mapafu na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano, lakini wiki ambayo idadi inapanda kupita ilivyozoeleka kwa msimu huo katika miaka mitano iliyopita ni wiki ya kuuliza maswali. Kuna magonjwa yenye viwango vilivyopangwa kabisa. Kwa homa ya uti wa mgongo, eneo lenye watu pungufu ya 30,000, ambalo ndilo la ukubwa wa kata nyingi, wagonjwa 2 katika wiki moja ni tahadhari na wagonjwa 5 ni mlipuko. Kwa surua, wahisiwa (wagonjwa wanaoshukiwa kabla ya vipimo) 5 katika siku 30 kwenye kituo au wilaya moja wanatosha kuitwa mlipuko unaohisiwa, na 3 waliothibitishwa na maabara katika mwezi wanauthibitisha. Viwango hivi havionekani kwa mtu anayemtazama mgonjwa mmoja aliye mbele yake, hasa kituo chenye wahudumu wa zamu wanaopishana. Jumanne mhudumu mmoja alimwona mgonjwa, Ijumaa mwenzake akamwona wa pili, na kila mmoja anadhani wake ni wa kwanza.

Hapa ndipo sifuri inapopata uzito wake. Kituo kisichokuwa na mgonjwa wa kipindupindu wiki hiyo kinatakiwa kuandika 0, kwa sababu nafasi tupu ina maana mbili zinazopingana: hakuna mgonjwa, au hakuna aliyetazama. Ukamilifu na uwahi wa taarifa hupimwa kwa lengo la asilimia 80, lakini kituo kinachotuma sifuri kila Jumatatu bila kufungua rejesta kinafikia asilimia 100 bila kusema kweli hata mara moja. Msimamizi anayetembelea kituo atafanya vyema kuifungua rejesta ya wagonjwa wa nje kwa wiki moja iliyopita na kuhesabu mwenyewe kuharisha kwa kila aina. Dakika 20 zinatosha, na zitasema mengi kuliko chati ya uwahi.

Udhaifu wa njia hii uko wazi. Mgonjwa wa kipindupindu aliyefika Jumatatu asubuhi akasubiri hesabu ya wiki atajulikana wilayani baada ya siku 7, wakati kipindupindu huweza kumpata mtu ndani ya saa chache hadi siku 5 tangu kumeza vimelea. Ikifika taarifa, walioambukizwa naye wameshaanza kuambukiza wengine.

Muhtasari wa mwezi

Hii nitaipita haraka, kwa kuwa kama njia ya kugundua mlipuko haifai kitu. Vitabu vya MTUHA, hasa Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, ni chanzo cha taarifa zote nyingine, na muhtasari wake wa mwezi husaidia kuagiza dawa, kupanga bajeti ya halmashauri na kulinganisha mwaka na mwaka. Kifua kikuu na VVU vina rejesta na mizunguko yake, na mgonjwa wa kifua kikuu anayesajiliwa kwa utaratibu wa mpango wake hahitaji simu ya dharura, isipokuwa panapotokea wagonjwa kadhaa kwa mkupuo kwenye bweni, gereza au machimbo.

Tukio lisilo na jina

Njia tatu za kwanza zinamtaka mhudumu ajue anachohesabu. Ya nne haimtaki hivyo, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufundishwa zaidi kuliko inavyofundishwa sasa. Mwezi Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, walijitokeza wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na damu kutoka puani, na watu watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vilirudi hasi. Mhudumu aliyeishika orodha ya magonjwa mkononi asingepata mstari wa kujaza. Baadaye ilibainika kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa wanyama na kuenezwa na maji au udongo wenye mkojo wao. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipoanza kutapika na kugeuka manjano, chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, ambayo haiambukizi kabisa. Hata hivyo hakuna aliyeweza kulijua hilo kabla ya tukio kuripotiwa na kuchunguzwa.

Kinachoripotiwa kwa njia hii ni mkusanyiko: watu wawili au zaidi wa kaya moja, darasa moja au kambi moja wenye dalili zinazofanana, vifo visivyoelezeka, mhudumu wa afya aliyeugua baada ya kumhudumia mgonjwa, mifugo au nyani waliokufa kwa wingi kabla ya watu kuanza kuumwa. Hilo la mwisho humhusu afisa mifugo pia, na namba yake inapaswa kuwa kwenye ukuta uleule. Tetesi kutoka kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji au mwalimu mkuu huingia humu. Mwenye duka la dawa naye ana la kusema, ingawa mara nyingi haulizwi: hawezi kutambua ugonjwa, lakini anajua ni wiki gani pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zilikwisha kabla ya wakati wake.

Ukilinganisha na simu ya ugonjwa unaojulikana, tukio lina kengele nyingi zaidi za uongo na huhitaji mtu wa kwenda kuthibitisha. Halmashauri isiyo na mafuta ya gari italiona kama usumbufu. Pamoja na hayo, magonjwa mapya na yale yaliyosahaulika hayana mlango mwingine wa kuingilia.

Kabla ya majibu ya maabara au baada yake?

Swali hili ndilo linalochelewesha taarifa kuliko yote, na jibu lake kwa magonjwa ya papo hapo ni moja: taarifa kwanza. Mfumo mzima umejengwa juu ya mhisiwa. Maabara huthibitisha au hukanusha baadaye, na mhisiwa aliyekanushwa hufutwa kwenye hesabu bila aibu kwa yeyote. Zaidi ya hayo, mratibu ndiye anayejua vifaa vya sampuli viko wapi na gari la kuipeleka maabara ya mkoa au Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii litapita lini, kwa hiyo anayesubiri majibu kabla ya kumwita anajinyima njia ya kuyapata majibu hayo.

Sampuli zenyewe zina masharti yanayopingana, na ni vizuri kuyaona pamoja. Kwa mtoto aliyelegea mguu ghafla, kinyesi huchukuliwa mara mbili kwa kupishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze, na hubaki kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 8 mpaka kifike maabara, ambako kinatakiwa kufika ndani ya saa 72. Kwa mgonjwa wa kipindupindu, kinyesi huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki ikiwezekana, pamba yenye kinyesi hicho huzamishwa kwenye Cary-Blair (uji mzito wa kuhifadhia vimelea safarini), na chupa hubaki kwenye joto la kawaida. Anayeiweka kwenye jokofu la chanjo kwa nia njema anaweza kuwaua vimelea anaowatafuta. Kwa surua ni damu, ndani ya siku 28 tangu vipele vitokee, pamoja na tarehe ya chanjo ya mwisho, kwa sababu mtoto aliyechanjwa wiki chache zilizopita anaweza kutoa majibu chanya bila kuugua. Kwa mhisiwa wa Marburg au Ebola zahanati isichukue damu kabisa: imtenge, izuie watu kumgusa, ipige simu, na timu yenye mafunzo na mavazi kinga ndiyo itakayochukua.

Mlipuko wa kipindupindu ukishathibitishwa mambo hubadilika. Hakuna haja ya kupima kila anayeharisha. Fasili hulegezwa hadi mtu yeyote mwenye kuhara majimaji kwa ghafla, wachache hupimwa kwa utaratibu, na kazi kubwa ya kituo huwa kujaza orodha ya wagonjwa kila siku. Nje ya mlipuko fasili ya sasa ya kimataifa ni kali zaidi: mwenye umri wa miaka miwili na kuendelea, aliyeharisha majimaji ghafla na kuishiwa maji kwa kiwango kikubwa au kufariki.

Kundi la WhatsApp la wilaya

Halmashauri nyingi zina kundi la WhatsApp la wafawidhi, na limekuwa njia ya tano isiyo kwenye mwongozo. Lina kasi, halina gharama, na mratibu yumo. Ubaya wake ni kwamba ujumbe uliosomwa na watu 60 huaminika kuwa umepokelewa na mmoja, na mara nyingi hakuna aliyeupokea. Hauingii kwenye mfumo. Na picha ya mgonjwa mwenye vipele, uso ukionekana, inasambaa nje ya kundi kabla ya jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kundi litumike kukumbushana Jumatatu na kuuliza vifaa. Picha ya kidonda ikihitajika na mtaalamu, apelekewe yeye peke yake, bila uso wala jina.

Ukibaki njia panda

Mtoto wa miaka minne mwenye homa, vipele vikavu na macho mekundu: simu leo, damu, fomu, kisha hesabu ya wiki. Mtu mzima aliyeletwa kwa bodaboda, macho yamedidimia, anaharisha maji kama ya mchele: mwongezee maji kwanza, kisha simu wakati dripu inapita. Watoto 12 wa malaria wiki ambayo kwa kawaida huwa 5: hesabu ya wiki inatosha kimfumo, lakini mpigie mratibu, kwa kuwa mtu atakayeisoma namba hiyo Jumanne anaweza kuwa safarini. Wachimbaji watatu wa kambi moja wenye homa na kutokwa damu kwenye fizi: ni tukio, na simu inapigwa kabla ya kuandika chochote. Kuumwa na mbwa: chanjo ianze siku hiyohiyo, taarifa iende kwa mratibu na kwa afisa mifugo. Katika shaka kati ya njia mbili, chukua iliyo ya haraka zaidi, kwa kuwa simu isiyo ya lazima inapoteza dakika chache, ilhali simu iliyosubirishwa hupoteza watu ambao bado hawajafika kituoni.

Na mratibu asipopokea? Jaribu tena baada ya robo saa, kisha mpigie mganga mkuu wa wilaya moja kwa moja, kisha ofisi ya mganga mkuu wa mkoa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo na iko wazi kwa mhudumu kama ilivyo kwa mwananchi. Andika kwenye daftari saa uliyopiga kila simu, uliyempigia na alichokujibu, kisha ukabidhi daftari hilo kwa anayeingia zamu.